Kubadilika na Kubadilishwa

Mwaka jana niliandika gemu. Msomaji usije ukawaza magari na bunduki. Ni hadithi ya maandishi matupu: unasoma aya mbili tatu, chini yake unakuta machaguo, unabofya moja, hadithi inafuata upande ulioutaka. Nilitumia Twine, programu ya bure aliyoitoa Chris Klimas mwaka 2009, ambayo hata mtu asiyejua lolote la kuandika programu anaweza kukaa nayo jioni moja akaielewa. Hadithi yangu ni ya watu wazima, na simaanishi tu kwamba wahusika wamevuka umri. Kuna usiku ndani yake, na usiku huo sikuuzimia taa.

Mhusika niliyempenda humo anaitwa Zainabu. Ana miaka 36, ni fundi cherehani Ngamiani, Tanga, aliachika miaka minne nyuma. Mchezaji ni mwanamume anayeleta suruali ya kupunguzwa, anarudi kuichukua anakuta haijaguswa (mafundi, mnajijua), anarudi tena, na ndivyo mambo yanavyoanza. Nilijisifu moyoni kwamba nimemwandika mwanamke mwenye kina. Mwanzoni anajibu kwa mkato, macho hayatoki kwenye sindano. Katikati anaanza kutania. Mwishoni anasimulia habari za ndoa yake, analia, anafungua mlango wa uani. Nikasema huyu kabadilika. Si tulifundishwa shuleni kwamba kuna wahusika bapa na wahusika duara, na bapa ndiye yule asiyebadilika tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho? Zainabu wangu amebadilika mno, basi ni duara. Hesabu imetimia.

Nikawapa watu wawili wajaribu. Mshikaji wangu mmoja alilimaliza usiku huohuo, akanitumia ujumbe wa sauti wa kunipongeza. Wa pili ni dada mmoja ambaye tunaazimana riwaya kwa miaka sasa, msomaji mkali, hana simile. Yeye alikaa nalo wiki nzima. Aliponipigia aliuliza maswali mawili tu. La kwanza: "Kaka, yule bwana alimpelekea Zainabu khanga. Ilikuwa imeandikwa nini?" La pili: "Na mimi nikishatoka pale dukani, Zainabu anafanya nini?"

Sikuwa na jibu la lolote kati ya hayo mawili, na nimekuwa nikiyatafuna tangu siku hiyo.

Nianze na khanga. Ndani ya gemu kulikuwa na namba iliyofichwa ambayo niliipa jina "upendo". Inaanza sifuri. Ukipeleka mandazi, inapanda tano. Ukisifu kazi yake, tatu. Ukimsikiliza habari za mtalaka wake bila kumkatiza, kumi. Ukileta khanga, kumi na tano, kwa sababu khanga ni ghali. Ikifika 70 mlango wa uani unafunguka. Basi. Sasa, kila aliyelelewa na wanawake wa pwani anajua kwamba khanga ina jina. Mwanamke akiletewa khanga anasoma kabla hata ya kuikunjua yote. Na muuzaji naye ukimwuliza bei anakusomea maneno kwanza, maana ndiyo unayonunua. Wapo majirani waliokatana mguu miaka kwa khanga moja iliyovaliwa siku isiyo yake. Mimi nimekua ndani ya haya, halafu nikaandika khanga bubu. Sikusahau kwa bahati mbaya. Ile namba haikuwa na haja ya maneno. Khanga ilikuwa sarafu tu, na Zainabu alikuwa mashine ya kutumbukizia sarafu.

Kujitetea kidogo: sikuvumbua mimi. Mwaka 1981 Mmarekani Chuck Benton aliandika gemu la maandishi lililoitwa Softporn Adventure, na miaka sita baadaye Al Lowe akachukua mifupa yake akaivika picha na mzaha, likawa Leisure Suit Larry. Ndani yake wanawake ni makufuli. Huyu anafunguka kwa kitu fulani, yule kwa kingine, kazi yako ni kuokota vitu mjini na kujua kipi ni cha nani. Kuna mmoja, Fawn, unayemkuta disko. Anapokea ua, anapokea pipi, anapokea pete, anakubali ndoa. Mkifika chumbani anamfunga Larry kitandani na kuondoka na fedha zake. Nimelifikiria sana hilo. Fawn ana mpango wake mwenyewe ambao mchezaji haujui, na hicho ndicho kitu cha kibinadamu kuliko vyote alichopewa. Lakini amepewa kama kichekesho. Mwanamke mwenye mambo yake, kwa macho ya mwaka 1987, ni mwizi.

Miaka 20 baada ya hapo, Wapoland wa CD Projekt walitoa The Witcher, gemu lililojengwa juu ya hadithi za Andrzej Sapkowski. Ulimwengu wake una siasa, ubaguzi, maamuzi ambayo matokeo yake unayaona saa kumi za mchezo baadaye. Gemu la watu waliofikiri. Lakini kila mwanamke shujaa anayelala naye, mchezaji anapewa kadi yenye picha yake. Kadi! Unakusanya kama watoto wanavyokusanya vifuniko vya soda. Nchini Marekani picha zile zilifunikwafunikwa, kana kwamba tatizo lilikuwa ni kiasi cha nguo.

Kisha studio ileile ikaja na la tatu, mwaka 2015. Humo ukiamua kumwambia Triss unampenda, na Yennefer naye ukamwambia hivyohivyo, wanawake hao wawili wanakualika pamoja. Mchezaji anapanda ngazi akijua ameshinda. Wanamfunga kitandani, wanamwambia ukweli wake, wanaondoka zao. Miaka 28 tangu Fawn, na mwanamume bado yuko palepale, kafungwa kitandani! Nilicheka nilipogundua. Lakini tazama tofauti. Fawn alikuwa mwizi. Triss na Yennefer wamezungumza. Wakati wewe uko porini unaua majini, kuna mahali hawa wawili walikaa wakasimuliana, wakalinganisha maneno uliyowaambia. Hakuna anayekuonyesha mazungumzo hayo. Unayaona kwa matokeo yake tu. Swali la yule dada, "nikishatoka anafanya nini," hapo lina jibu.

Mshikaji wangu hakukubali hata kidogo kwamba kuna tatizo. Tulibishana kibarazani hadi mbu wakatushinda. Hoja yake niiweke kama alivyoisema, maana si hoja ya kijinga: "Kaka, ni maandishi. Hana mama, hana damu, ukizima simu hayupo. Mimi nimetoka kazini nimechoka, nimecheza, nimestarehe, nani kaumia?" Hakuna aliyeumia. Zainabu hana mishipa. Wala siamini kwamba mshikaji kesho atakwenda kwa fundi wa kweli na mfuko wa mandazi, akihesabu. Hoja ya kwamba hadithi huharibu watu naiogopa, kwa sababu najua inaishia wapi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni, kwa madai hayohayo ya kuharibu watu, na waliokosa walikuwa ni wasomaji vijana ambao kitabu kile kingewaambia jambo. Sitaki kusimama kwenye mstari mmoja na waliopiga marufuku.

Kwa hiyo simtetei Zainabu dhidi ya maumivu. Nauliza kitu kingine: je, nilisema kweli? Mwandishi wa hadithi anaruhusiwa kusema uongo wa kila namna, watu wakaruka, wanyama wakaongea, wafu wakarudi. Uongo mmoja tu nadhani haruhusiwi, nao ni kusema "huyu ni mtu" halafu akaweka kitu kisicho mtu. Kadi ya The Witcher ina unyofu wake, haijifichi. Zainabu wangu nilimwekea machozi, nikampa ndoa iliyovunjika na mikono iliyochomwachomwa na sindano, ili mchezaji asadiki kwamba aliyefungua mlango ni mtu. Na aliyefungua ilikuwa ni namba 70. Huo ndio uongo ninaousema. Kadiri nilivyoandika vizuri ndivyo ulivyozidi kuwa mbaya, na hapo ndipo panaponitia kichefuchefu.

Halafu kuna suala la lugha. Niliporudi kusoma mazungumzo yake niligundua kwamba Zainabu anakataa mara nne katika hadithi nzima, na mara zote nne anatumia neno lilelile: bado. Unamwalika chai, bado. Unataka kuingia ndani, bado. Sikupanga. Ni kwamba Kiswahili chetu kina adabu hiyo. Mtu wa miaka 60 asiyeoa na asiyekusudia kuoa, ukimwuliza umeoa, atakwambia bado, kwa sababu "hapana" inafunga mlango wa riziki. Ni neno zuri. Lakini kwenye kutongoza neno hilo linafanya kazi nyingine: linamwambia mwanamume aendelee. Na sisi tumemjazia methali za kumpa moyo. Bandu bandu huisha gogo. Mvumilivu hula mbivu. Mwanamke hakatai, anaringa. Sikumsikia hata mmoja akiuliza gogo lina maoni gani. Kwa kutokusudia, nikiwa nimekaa na laputopu yangu nikijiona mtu wa kisasa, nilichukua methali ya gogo nikaigeuza kuwa hesabu. Tano, tatu, kumi, kumi na tano.

Lugha yetu hiyohiyo lakini ina kitu kingine cha kutufaa. Tunatenganisha kubadilika na kubadilishwa. Nguo ikibadilika rangi, hatujasema ni nani aliyefanya. Jambo limetokea ndani ya nguo yenyewe, kwa jua, kwa sabuni, kwa umri. Ikibadilishwa, kuna mkono. Nikasoma upya sura zote za Zainabu na swali hili moja: wapi amebadilika, wapi amebadilishwa? Hakukuwa na pa kwanza. Kila hatua yake ilikuwa na kidole cha mchezaji nyuma yake. Kama mchezaji asingeingia dukani kwa miaka kumi, angemkuta amekaa vilevile, uzi uleule kwenye sindano.

Kisa hiki ni cha kale. Pygmalion anachonga mwanamke wa pembe za ndovu, anampenda, anapewa uhai, wanaoana. Na yeye hatusikii akiulizwa. Bernard Shaw alikichukua kisa hicho akakifanya tamthilia mwaka 1913: profesa anamchukua muuza maua, Eliza, anamfundisha kusema kama malkia, kisha Eliza anainuka na kuondoka zake. Watazamaji hawakutaka aondoke. London, mwaka 1914, mwigizaji aliyecheza nafasi ya profesa alikuwa akimrushia Eliza maua kabla pazia halijaanguka, ili watu warudi nyumbani wakijua mapenzi yapo. Shaw alikasirika hata akaja kuandika maelezo marefu ya ziada kueleza kwamba Eliza ameolewa na mtu mwingine kabisa. Nikisoma habari hiyo namwona mshikaji wangu amekaa viti vya mbele. Amelipa tiketi, anataka lile ua lirushwe.

Eliza huyo ndiye aliyempa jina mashine ya kwanza ya mazungumzo iliyovuma, ELIZA, ambayo Joseph Weizenbaum aliieleza mwaka 1966. Ilikuwa inageuza tu maneno yako kuwa swali. Weizenbaum anasimulia kwamba katibu wake, aliyeona mashine ile ikitengenezwa na kujua ni programu tu, alipoanza kuongea nayo alimwomba bosi atoke chumbani. Hatuhitaji sana, unaona, ili tumwone mtu mahali pasipo na mtu. Ndiyo maana kazi hii ina dhamana.

Na sanamu yenyewe ilirudi mwaka 2000. Emily Short aliandika Galatea, hadithi shirikishi fupi ya maandishi tu. Uko kwenye maonyesho ya sanaa, mbele yako kuna sanamu ya mwanamke, na sanamu inaongea. Anaanza akiwa amekupa mgongo. Huna cha kuokota wala zawadi ya kumpa, una maneno tu. Unaweza kumwuliza habari za aliyemchonga, za jiwe, za kulala, za miungu. Kilichonishangaza si kwamba ana majibu mengi. Ni kwamba swali lilelile, ukiliuliza mapema linapata jibu hili, ukiliuliza akiwa amekwazika linapata jingine, na ukiliuliza mara ya pili anajua umeshauliza. Mpangilio wa mazungumzo ndio hatima yake, na yako. Zipo njia ambazo mnaagana kama marafiki, ipo ambayo anakuua. Kwa watu wanaocheza mara moja ni kazi ya nusu saa. Nimeicheza mara nyingi kiasi cha kuona aibu kutaja, na bado ninapoingia naangalia ule mgongo kwanza.

Galatea ana kumbukumbu, basi. Triss na Yennefer wana maongezi yao. Lakini mfano ulionisumbua kuliko yote ni wa hivi karibuni, Astarion wa Baldur's Gate 3, gemu la watu wazima la studio ya Kibelgiji Larian lililotoka Agosti 2023. Nitakaa naye kidogo, na asiyelicheza aruke aya mbili kama hataki kuharibiwa uhondo.

Astarion ni mnyonya damu aliyekuwa mtumwa wa bwana wake, Cazador, kwa miaka 200. Kazi yake ilikuwa kutongoza: anatumwa mjini usiku, anatumia uzuri wake, anawaleta watu kwa bwana waliwe. Anakutana nawe, na mapema sana anaanza kukutongoza. Mchezaji aliyezoea magemu anajua hapo afanye nini. Ametongozwa, anakubali, anasherehekea. Mbele zaidi mnakutana na mwanamke muuza damu anayetaka Astarion amng'ate, na atalipa dawa ya nguvu ambayo hutaipata kwingine. Astarion hataki. Anasema hataki. Gemu linakupa chaguo la kumshinikiza. Ukimshinikiza, anaweza kufanya, na dawa unaipata, na mapenzi yenu yanafia hapo. Ukimwacha aseme lake, baadaye anakuja anakiri: tangu mwanzo alikutongoza kwa mpango, ili umlinde, kwa ile njia moja tu anayoijua, na sasa mpango umeharibika kwa sababu amekupenda. Halafu anaeleza kwamba kulala na mtu, kwake, bado kunanuka utumwa. Kwa hiyo gemu la mapenzi linasimamisha mapenzi ya kitandani katikati. Nyuma yako ule usiku wa kwanza, ambao ulidhani umeushinda, unabadilika maana. Haukuwa zawadi yako. Alikuwa kazini.

Jamani, hapo niliweka simu chini. (Nilikuwa natazama mtu akicheza mtandaoni, maana mashine yangu hailiwezi gemu lile, baadaye nililicheza mwenyewe kwa rafiki.) Lilinifanya nirudi kuuona usiku wa Zainabu. Je, kama naye alikuwa kazini? Nikamwuliza swali ambalo sijawahi kumwuliza: wewe ulifungua mlango kwa nini?

Lakini hata Astarion sikumkubali mia kwa mia. Mwishoni anaweza kufanya kafara ya roho 7,000 ili awe na nguvu za bwana wake, na ni wewe mchezaji utakayemzuia au kumsaidia. Kumzuia kuna kurusha dadu. Ukimwacha apande anakuwa mkubwa, mzuri, anakupenda kama mtu anavyopenda mali yake, na wachezaji wengi wanampenda hivyohivyo. Ukimzuia anakuwa huru. Ni uandishi mzuri sana. Ila uhuru wake umeegemea dadu lako. Yaani tumetoka kwenye gogo, tumefika kwa mgonjwa, na mchezaji kawa daktari. Amebadilika au amebadilishwa? Nadhani vyote viwili, na pengine ndivyo ilivyo hata kwetu. Sijui mtu aliyepona peke yake. Lakini dadu lile lingerushwa na Astarion mwenyewe, walau mara moja, ningelala vizuri zaidi.

Basi nikarudi kwa Zainabu nikaandika toleo la pili, na toleo la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Nilimpa uwezo wa kukataa, akawa hafanyi lingine. Kila ukileta zawadi anakutolea hotuba juu ya heshima ya mwanamke. Ukirudi mara ya tatu anakufukuza na mkasi. Yule dada alisoma kurasa chache akaniambia, "Sasa umemfanya mwalimu wa maadili. Wa kwanza nilimwonea huruma, huyu namkimbia." Alikuwa sahihi. Mwanamke anayekataa ili mchezaji apate somo naye ni mashine, ila hii inatoa vipeperushi badala ya soda. Hapa riwaya zetu zina la kutufundisha, na pia la kutuonya. Rosa wa Kezilahabi anabadilika kweli. Ukali wa baba unamtengeneza, shule inamfungua, wanaume wanampitia, na ukisoma polepole unaona kila hatua ina mzizi. Kisha anakufa, kwa mkono wake, na mimi mpaka leo sijui kama kifo kile ni cha Rosa au ni mwandishi aliyeshindwa kumwona akiishi baada ya yote yale. Maimuna wa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980, alitoka kwenye kifungo cha baba akapita kwenye danguro, lakini aliruhusiwa kurudi. Nampenda zaidi kwa hilo tu.

Toleo la tatu ndilo ninalolihangaikia sasa. Nimeifuta ile namba ya "upendo". Badala yake Zainabu ana mambo yake. Ana deni la cherehani ya umeme aliyoichukua kwa mkopo, na marejesho ni kila Ijumaa, kwa hiyo Alhamisi hana mzaha na mtu. Ana mama Pangani ambaye macho yanapotea. Ana mtalaka anayempigia simu usiku, na zipo siku anapokea. Vitu hivi vinakwenda, mchezaji awepo asiwepo. Nimeweka kalenda, siku zinahesabika. Khanga sasa ina jina, na mchezaji anachagua jina kabla ya kununua. Na Zainabu anaisoma kwa hali aliyonayo siku hiyo. Khanga ya mafumbo akiletewa siku aliyogombana na mtalaka wake, atadhani imetoka kwake, na hakuna namba ya kuongeza wala kupunguza, kuna kutoelewana tu kunakohitaji kuelezwa.

Na usiku ule? Nimeuacha. Sikuona sababu ya kuufuta. Watu wazima hulala pamoja, na fasihi inayojifanya haijui hilo nayo ni uongo mwingine. Lakini sasa mlango wa uani unaweza kufunguliwa kwa sababu nne tofauti, na tatu kati yake hazimhusu mchezaji sana. Upweke. Hasira kwa mtalaka. Mvua kubwa na ukarimu uliozidi mipaka. Ya nne ni kwamba anampenda. Mchezaji hatambiwi ni ipi. Inambidi asikilize. Kufunguka kwa mlango Jumanne hakumaanishi kwamba uko wazi Jumamosi. Na ndani kule, mara kadhaa, machaguo yanayotokea kwenye skrini si ya mchezaji. Yanaonekana, yanabofyeka yenyewe, Zainabu ndiye anayechagua, na wewe unangoja.

Bila shaka ni mimi ninayembofyea. Sijidanganyi. Hiyo "sitaki" yake nimeiandika mimi na hiyo "njoo" yake nimeiandika mimi, na hakuna toleo la nne wala la arobaini litakalobadilisha hilo. Ninachoweza ni kidogo: kukataa kuandika tawi ambalo najua litapendwa, pale ninapojua kwamba Zainabu huyu, kwa siku hii, asingelipita. Kuna njia moja ndani ya gemu ambayo mchezaji anafanya kila kitu kwa wema, anasikiliza, hasukumi, haongopi, na Zainabu anamwambia anamheshimu sana na hampendi. Nimeifuta njia hiyo mara mbili na kuirudisha mara mbili. Mtu amekupa saa tatu za maisha yake. Unamdai nini, anakudai nini? Nadhani ananidai dalili. Akirudi nyuma akasoma tena, aone kwamba lilikuwa linakuja, kwamba lile kosa la mwisho halikuwa kosa. Mwisho wenyewe sidhani kama ananidai. Ila siku nyingine, nikiwa nimechoka kama mshikaji, naona ninamdai mtu malipo na kumnyima mzigo.

Wiki iliyopita nilimpa mshikaji toleo hilo. Alinipigia saa nne usiku, kakereka. "Kaka, gemu lako limegoma. Nimekwenda dukani mara tatu pamefungwa, nabofya kila kitu, hakuna kitu." Nikamwambia halijagoma, mwenyewe amesafiri. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza amekwenda wapi.